Picha Haionyeshi Kizimba

Wanangu, ile picha imerudi tena. Huja kila baada ya muda, leo kwenye simu ya huyu, kesho kwenye simu ya yule, na kila anayeipokea hudhani ni habari mpya. Kijana mfupi wa kimo, kifua wazi, kitambaa kiunoni, amempakata mtoto wa sokwe, amesimama mahali penye mwanga. Chini yake mtu ameandika kwa hasira: huyu ni Ota Benga, mwana wa Kongo, New York, 1906, alionyeshwa pamoja na nyani katika bustani ya wanyama. Mnasikitika, mnalaani, mnaituma kwa wengine, kisha chakula kinapakuliwa na mazungumzo yanahamia bei ya mchele. Siwalaumu. Moyo ukibeba kila kilio cha dunia mchana kutwa, nani atakoroga uji wa mtoto?

Ila kwa kuwa nimeishi nikaiona ikija na kuondoka mara nyingi, leo nawaomba mkae nayo kidogo kabla hamjaituma. Tazameni kisichokuwemo. Banda la nyani halimo. Wavu haumo. Umati haumo. Zimebaki picha chache sana za siku zake pale, na hakuna hata moja iliyopigwa ndani ya banda lile, maana kamera hazikuruhusiwa humo. Wenye bustani walijua cha kuanika na cha kufunika. Na hilo ndilo linalonifanya nichukue kalamu katika umri huu: mtu aliyedhulumiwa karibu kila mara hupigwa picha na mwenye kizimba, na mwenye kizimba hawezi kukipiga picha kizimba chake. Sisi tunaoletewa picha tunauona uso, tunauonea huruma uso, na kile kilichomzuia mtu huyu asiende zake kwao kinabaki palepale, hakijaguswa.

Nianzie mbali, mnivumilie. Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yalimkubalia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, awe mwenye nchi ya Kongo. Mwenyewe, kwa mfuko wake, hata Ubelgiji haikuwa na neno. Mwanzoni alitaka pembe za ndovu, baadaye mpira. Kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta, na kisipofikisha walikuja askari na bunduki na viboko, na mikono iliyokatwa ikapelekwa kwa wakubwa iwe ushahidi kwamba risasi hazikutumika bure. Ndani ya balaa hilo ndimo alimokuwa Ota Benga, mtu wa msituni, upande wa mto Kasai. Masimulizi yaliyotufikia yanasema alikwenda kuwinda, na aliporudi akakuta kambi imemalizwa, mkewe na wanawe hawako tena duniani. Mwenyewe akaangukia mikononi mwa wauza watumwa.

Mwaka 1904 akatokea Mmarekani mmoja, Samuel Phillips Verner, aliyewahi kuwa mmisionari, safari hii ametumwa kutafuta watu wa msituni wa kupelekwa kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini St. Louis. Kwa maelezo yake Verner mwenyewe, alimpata kijana huyu kwa chumvi na kitambaa. Mimi nimekaa sana kwenye magulio, na najua mnunuzi hupekua bidhaa, huibonyeza, huipunguzia bei, lakini haiulizi inataka kwenda wapi. Toka siku ile, kwa miaka kumi na miwili iliyombakia, kila aliyemshika mkono Ota Benga alikuwa na mahali pa kumpeleka.

Kule St. Louis walipita karibu watu milioni 20. Waliletwa Wafilipino zaidi ya elfu moja, wakajengewa vijiji vya kukaa wakitazamwa. Waliletwa wenyeji wa asili wa Marekani yenyewe. Ota Benga meno yake yalikuwa yamechongwa yakawa na ncha, kwa desturi ya kwao, na watu wakawa wanatoa senti 5 afumbue kinywa wayaone. Hapohapo alikuwepo mzee Geronimo wa Waapache, aliyejisalimisha kwa jeshi la Marekani mwaka 1886 na tangu hapo hajaonja uhuru. Huyu alikaa kwenye kibanda akiuza picha zake mwenyewe, senti 25 kila moja, akiruhusiwa kubaki na senti 10. Mfikirieni mzee huyo. Askari wa kumlinda wapo, uwanja wake wa vita umekuwa meza ya biashara, na uso wake anauuza kipande kipande kwa wajukuu wa watu waliomnyang'anya nchi. Mwaka uliofuata alipelekwa Washington kupamba gwaride la kuapishwa kwa Rais Theodore Roosevelt, akapata nafasi ya kusimama mbele ya rais, akamwomba jambo moja tu, arudishwe Arizona akafie kwao. Akakataliwa. Alikufa mwaka 1909, bado mfungwa, Fort Sill, Oklahoma. Picha zake ziko mpaka leo, zinauzwa.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya Geronimo ilionekana, maana ilikuwa na askari. Ya Ota Benga ilikuwa nyembamba zaidi. Baada ya maonyesho alirudishwa Kongo na wenzake, akaoa tena, na mke huyo naye akafa kwa kuumwa na nyoka. Kisha akavuka bahari mara ya pili na Verner. Verner alisema kijana alitaka mwenyewe kwenda. Inawezekana, mtu aliyepoteza nyumba mara mbili huenda asione tofauti kati ya kukaa na kuondoka. Lakini neno hilo tunalo kutoka kinywani mwa Verner peke yake, na Verner alipofika New York mwaka 1906 mfuko wake ulikuwa umetoboka, akamwacha kijana kwenye jumba la makumbusho, na kutoka hapo akafikishwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx.

Mwanzoni alizungukazunguka bustanini, akisaidia kulisha wanyama. Halafu wakubwa wakamtengea mahali katika banda la nyani, wakamtundikia machela yake humo, wakampa upinde na mishale, wakamweka na orangutani aliyeitwa Dohong. Septemba ilipoanza kushika kasi, kikawekwa kibao. Kibao kile kilimtaja jina, umri miaka 23, kimo futi 4 na inchi 11, uzito ratili 103, mto alikotoka, aliyemleta, na kwamba angeonyeshwa kila alasiri kwa mwezi mzima wa Septemba. Kimo kilipimwa, uzito ulipimwa, saa ya maonyesho ilipangwa. Magazeti ya wakati huo yaliandika kwamba Jumapili moja walifika watu 40,000, na wengi wao walimfuata nyuma yeye popote alipokwenda, wakimzomea, wakimsukuma, wakimwekea mguu aanguke. Naye alipochoka akawageuzia upinde.

Wale elfu arobaini, mnadhani walikuwa mashetani? Walikuwa kina mama na vikapu vya chakula, baba na mtoto mabegani, vijana wa kiwandani siku yao ya kupumzika. Wengine wao wahamiaji maskini waliotoka kwao kwa njaa. Walikwenda kutazama kwa sababu wenzao walikuwa wanatazama, na kwa sababu mtu mwenye cheo alikuwa ametundika kibao. Binadamu ndivyo alivyo. Mkubwa akikiita kitu elimu, mdogo hukitazama bila kujiona mwenye dhambi. Ndiyo maana mimi hasira zangu huwa sizimwagi kwa watazamaji. Huzibakiza kwa ajili ya aliyeandika kibao.

Na aliyekiandika, hapo ndipo pananiumiza zaidi, hakuwa mtu mbaya kwa kipimo cha watu wa mjini. William Temple Hornaday, mkurugenzi wa bustani, alikuwa amelia machozi ya kweli kwa ajili ya nyati wa Marekani. Nyati wale walikuwa mamilioni uwandani, wakapigwa risasi mpaka wakabaki mamia, na yeye ni mmoja wa watu wachache waliosimama wakasema imetosha. Akaanzisha pamoja na wenzake chama cha kuwaokoa, akawa rais wake wa kwanza. Oktoba 1907, mwaka mmoja tu baada ya Ota Benga kutoka kwenye banda lile, nyati 15 wa bustani hiyohiyo walitiwa kwenye makasha, wakapandishwa treni, wakasafirishwa mpaka Oklahoma kurudishwa kwenye majani ya kwao. Wakashushwa katika milima ya Wichita, jirani kabisa na Fort Sill, alikokuwa anafungiwa Geronimo.

Nimelirudia jambo hili kichwani miaka mingi, nikichambua mchele, nikisubiri maji yachemke. Nyati walipata treni ya kurudi kwao. Geronimo alikuwa hatua chache kutoka waliposhushwa, na ombi lake la kurudi kwao lilikuwa limekataliwa. Ota Benga alikuwa ameonyeshwa mji uleule walikopakiliwa. Na mtu aliyepanga safari ile kwa upendo wote, mtu aliyejua kwamba mnyama huchakaa akiondolewa kwenye ardhi yake, alikuwa amekaa siku nyingi na binadamu aliyeondolewa kwenye ardhi yake, na wazo la treni halikumjia. Upendo wake ulikuwa wa kweli. Ulikuwa na ukuta mahali fulani, naye hakuuona, kwa kuwa alizaliwa upande wake wa ndani.

Walikuwepo walioona. Wachungaji weusi wa mji ule, wakiongozwa na Mchungaji James H. Gordon, aliyesimamia kituo cha watoto yatima weusi cha Howard kule Brooklyn, walikwenda bustanini, wakaandika, wakamwendea meya. Meya hakuwapokea. Gazeti la The New York Times likaandika kwamba halielewi sana watu wanahamaki nini. Hornaday akajitetea kwamba ni maonyesho ya elimu. Hata hivyo makelele yakazidi, na mwisho wa Septemba Ota Benga akakabidhiwa kwa Mchungaji Gordon. Mkitaka kuwakumbuka watu katika kisa hiki, wakumbukeni hao. Hawakuwa na bunduki wala gazeti kubwa, walikuwa na miguu ya kutembelea ofisi za watu na uso wa kukubali kufungiwa mlango.

Lakini nitasema na hili, kwa heshima zote. Baada ya hapo Ota Benga aliishi miongoni mwa watu wema. Mwaka 1910 alipelekwa Lynchburg, Virginia. Walimpa suti. Meno yake yaliyochongwa wakayavika meno ya bandia, asitazamwe tena. Jina likageuzwa likawa Otto Bingo. Mshairi Anne Spencer, mkaazi wa mji ule, alimsaidia Kiingereza. Akapata kazi kwenye kiwanda cha tumbaku. Jioni na siku za mapumziko aliwachukua wavulana wa mtaani porini akawafundisha kuwinda na kuvua samaki, na wavulana hao walizeeka wakimsimulia. Huruma ilikuwepo tele. Ila huruma ya namna hiyo ni kumpakulia mgeni chakula ukipendacho wewe, sahani ikijaa mpaka ukingoni, kisha ukashangaa kwa nini hali. Alichokitaka kilikuwa kidogo na kilikuwa na bei inayojulikana: tikiti ya meli. Alianza kuulizia nauli. Kabla haijapatikana, mwaka 1914 vita vya dunia vikafunga njia ya bahari. Machi 20, 1916, aliwasha moto, akayabandua yale meno aliyovikwa, akajitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo.

Na mwaka huohuo wa 1916, Madison Grant, aliyekuwa katibu wa chama chenye bustani ile, alitoa kitabu cha kuzipanga mbari za watu, ipi bora na ipi duni. Kitabu hicho kilikuja kusifiwa na Hitler. Mwaka mmoja, mtu mmoja anakufa kwa kukosa nauli, na mwingine anachapisha sababu za kwa nini hakustahili kupewa. Chama chenyewe, ambacho siku hizi kinaitwa Wildlife Conservation Society, kiliomba radhi hadharani Julai 2020, kikawataja Hornaday na Grant. Nafurahi kwamba kiliomba. Radhi iliyochelewa miaka 114 bado ni radhi, na aombaye asichekwe.

Sasa wanangu, najua mnachotaka kusema. Mnataka kusema Wazungu. Kaeni chini.

Mwaka 2007, mwezi wa saba, Brazzaville, mji mkuu wa Kongo ya ng'ambo ya mto, kulikuwa na tamasha kubwa la muziki wa Afrika. Wanamuziki walikuja kutoka pande zote, wakapangiwa hoteli. Lilikuja na kundi la watu wa msituni, wanawake, wanaume, na mtoto mchanga wa miezi mitatu. Hao wakapangiwa hema moja ndani ya bustani ya wanyama ya mji. Waandaaji walipoulizwa walisema hapo panafanana zaidi na mazingira waliyoyazoea. Wapita njia wakawa wanawapiga picha wakiokota kuni humo bustanini za kupikia. Si Hornaday huyo. Ni sisi, Waafrika kwa Waafrika, kwenye sherehe ya kujivunia Uafrika wetu, miaka 101 baada ya banda la Bronx, na maneno ni yaleyale: tunawaweka hapa kwa faida yao. Watu wa haki za binadamu walipopiga kelele, wakahamishiwa shuleni. Naamini kabisa aliyepanga lile hema hakulala usiku ule akijiona mkosaji. Alikuwa na orodha ndefu ya wageni, vyumba havitoshi, na alihitaji wa kukubali hema. Siku zote vyumba visipotosha huwa tunajua tayari ni nani tutamwambia alale nje, na tunajua hatalalamika kwa sauti ya kusikika.

Huo ndio upumbavu ninaoutazama tangu ujana wangu, na ndiyo maana sasa unanichosha zaidi ya kunikasirisha. Unabadilisha nguo tu. Zamani ulivaa koti la elimu ya mbari. Leo umevaa sare ya hifadhi. Kila mara unakuja na nia njema mkononi, na kila mara mtu anaamuliwa jambo katika kikao ambacho hakualikwa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Chukueni msitu wa Mau, Kenya. Waogiek wameishi humo vizazi na vizazi, wakitundika mizinga ya nyuki kwenye miti, na mfuga nyuki hana faida ya kukata mti. Serikali ikawafukuza kwa kusema inaulinda msitu. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, na Mei 26, 2017, majaji wakasema Waogiek wameonewa na kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kubebeshwa wao. Juni 2022 wakaamuru fidia, jumla ya shilingi za Kenya 157,850,000, na ardhi irudishwe. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikabomolewa tena, Sasimwani, humohumo Mau. Mahakama imesema, na tingatinga halikusikia.

Au hifadhi ya Kahuzi-Biega, mashariki ya Kongo, nchi ya gorila. Batwa, watu wa msituni, waliondolewa humo miaka ya 1970. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotolewa hadharani mwaka 2024, ilisema haki zao zilivunjwa. Kati ya hapo, mwaka 2022, mamlaka ya hifadhi ya Kongo ilitia saini mkataba wa kuisimamia hifadhi hiyo kwa ubia na shirika gani? Lilelile la Bronx, lililoomba radhi miaka miwili nyuma. Sisemi wana nia mbaya. Nasema Hornaday naye hakuwa nayo, na walioomba radhi kwa ajili ya mtu mmoja wa msituni wa Kongo sasa wana majirani wengi wa msituni wa Kongo, mlangoni kabisa, ambao bado wanangoja kurudi kwao. Hapo ndipo radhi itakapopimwa kwenye mizani.

Mtu asije akaniambia haiwezekani. Tanzania, bonde la Yaeda, mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya kimila ya ardhi, yao kwa pamoja. Ilichukua miaka ya vikao, ramani, mvutano na wafugaji na wakulima, na mpaka leo mipaka hiyo inahitaji kulindwa kila msimu. Baadaye wakaingia kwenye biashara ya hewa ukaa, wakawa wanalipwa kwa msitu kubaki umesimama. Sikusudii kuwapambia, maisha yao bado yana shida nyingi. Lakini waliitwa kikaoni, na walipoitwa walikuwa na la kusema, na msitu haukufa kwa wao kubaki ndani yake.

Basi nije kwako, mjukuu wangu, uliyenionyesha ile picha juzi huku umetokwa na machozi. Nimesikia ofisi yenu inawapeleka Bwindi, Uganda, kuwaona gorila. Nenda. Ni viumbe wa ajabu, na kazi ya kuwahifadhi imefanywa kwa jasho la watu wengi. Kibali kwa mgeni kutoka nje ni dola 800. Ukisimama mbele ya yule dume mkubwa mwenye mgongo wa fedha, piga picha utosheke, sikukatazi, mimi mwenyewe ningepiga.

Ila ujue ulipo. Msitu huo na ule wa Mgahinga vilifanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, na Batwa waliokuwa humo wakatolewa. Waliokuwa na mashamba waliokaa pembezoni walau walikuwa na cha kufidiwa. Mwindaji na mtafuta asali alionekana hana kitu, kwa hiyo akapewa hicho hicho alichoonekana anacho. Wengi wakabaki kuwa vibarua kwenye mashamba ya watu, wakijenga kando ya barabara kwenye ardhi isiyo yao. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba Batwa waliachwa bila ardhi na bila fidia ya kutosha, ikaagiza Mahakama Kuu iangalie nafuu gani wapewe. Na kule Mgahinga kuna ziara ambapo Batwa wenyewe huwaongoza wageni msituni, wakiwaonyesha walivyowasha moto, walivyotega, dawa ipi hutoka kwenye mti upi. Giza likiingia wageni hurudi hotelini, nao Batwa hutoka nje ya mpaka, kwa kuwa kulala humo hawaruhusiwi. Utaletewa ngoma, utaletewa wazee waliovaa magome, utaambiwa piga picha. Wanahitaji pesa hiyo, usiwanyime kwa kujiona mtakatifu. Mzee Geronimo naye alizihitaji senti zake kumi.

Halafu fanya kazi moja kabla hujapanda gari. Sheria ya Uganda inataka asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi irudi kwa jamii zinazoizunguka, na kwa utaratibu wa hifadhi katika kila kibali cha gorila hutolewa dola 10 kwa ajili hiyohiyo. Wewe ni mhasibu, usiniambie hesabu zinakushinda. Muulize mwongozaji wako, muulize na mkubwa wa hifadhi ukimpata, kamati inayogawa pesa hizo inakaa wapi, Mtwa aliyemo anaitwa nani, na mara ya mwisho alipozungumza kikaoni aliomba nini. Akikujibu vizuri, andika chini. Akibabaika, andika pia, na tarehe. Ukirudi uniletee karatasi hiyo pamoja na picha zako, nitakuwa nimekupikia ndizi.